Mlalo wa mgonjwa wa kiharusi na damu iendayo kwenye ubongo: mwongozo kwa wanaouguza

Ubongo wa mtu mzima ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili wake, lakini hupokea kati ya asilimia 15 na 20 ya damu yote inayosukumwa na moyo, na hauna akiba ya maana ya kujikimu damu hiyo inapokatika. Ndiyo maana kiharusi kikishatokea, namna mgonjwa anavyolazwa huingia katika matibabu yake. Hata hivyo, ndugu wengi wanaokaa kando ya kitanda hawaulizi habari ya mlalo. Huuliza dawa ni ipi, ni mara ngapi kwa siku, ni kabla au baada ya chakula. Kitanda wao hukiinua au kukishusha kwa kumwonea mgonjwa huruma, mto wa pili ukaongezwa na wa tatu ukafuata.

Naandika kwa ajili ya ndugu hao wa Dar es Salaam, ambako kiharusi si ugonjwa wa kusikia kwa jirani tu. Utafiti uliofanyika kati ya Juni 2003 na Juni 2006 katika eneo la mjini hapa na katika wilaya ya Hai mkoani Kilimanjaro, ukachapishwa mwaka 2010, ulionyesha kwamba viwango vikisharekebishwa kwa umri, kiharusi kipya kiliwapata watu 315.9 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka huku Dar es Salaam, na 108.6 kule Hai. Ninalotaka kusema ni kwamba pembe ya kitanda iulizwe, iandikwe na ifuatwe kama dozi ya dawa, kwa sababu pembe inayomfaa mgonjwa mmoja inaweza kumdhuru yule wa kitanda cha pili, na inayomfaa leo huenda isimfae keshokutwa.

Kinachotokea ndani ya kichwa

Ubongo wenye afya hupata wastani wa mililita 50 za damu kwa kila gramu 100 za nyama yake katika dakika moja. Kiasi hicho kikishuka chini ya mililita 20 hivi, seli huacha kufanya kazi ingawa bado ziko hai. Kikishuka hadi karibu na 10, seli huanza kufa katika muda wa dakika. Mshipa unapozibwa na donge la damu, sehemu ya katikati hufa mapema, lakini kuizunguka hubaki eneo lililodhoofika ambalo bado linapata damu kidogo kupitia mishipa midogo ya jirani. Matibabu yote ya saa za mwanzo, yakiwemo ya namna ya kumlaza mgonjwa, yanalipigania eneo hilo.

Kwa mtu mzima wa afya, kuketi au kulala hakubadilishi sana kiasi cha damu kinachofika, kwa kuwa mishipa ya ubongo ina uwezo wa kujipanua presha inaposhuka na kujibana inapopanda. Kiharusi huuharibu uwezo huo katika eneo lililojeruhiwa. Hapo damu hubaki kutegemea presha peke yake, na presha nayo hutegemea urefu wa kichwa kutoka usawa wa moyo. Wakazi wa nyumba za ghorofa zenye simtanki dogo la chini wanalijua jambo hili: bomba la uani linatoka kwa nguvu, la ghorofa ya tatu linadondosha. Kwa kila sentimita 13 hivi ambazo kichwa kinainuka juu ya moyo, presha ya damu inayofika huko hupungua kwa takriban milimita 10 za zebaki. Mgonjwa aliyeinuliwa nyuzi 30 hupoteza karibu kiasi hicho, na aliyeketi wima hupoteza kama mara mbili yake, wakati mashine iliyofungwa mkononi, katika usawa wa moyo, inaendelea kuonyesha namba ile ile.

Kuna upande wa pili wa hesabu, na ndio unaofanya jibu lisiwe moja kwa wote. Fuvu ni sanduku lisilotanuka. Damu ikivuja ndani yake, au ubongo ukivimba, presha ya ndani ya fuvu hupanda na kuizuia damu mpya isiingie. Kinachosukuma damu ndani ya ubongo ni tofauti kati ya presha hizo mbili: ikiwa wastani wa presha ya ateri, yaani mishipa inayotoa damu moyoni, ni 90 na ya ndani ya fuvu ni 10, zinabaki 80 za kusukuma; ubongo ukivimba hata ya ndani ikafika 25, zinabaki 65 tu. Kuinua kichwa huisaidia damu iliyokwisha kutumika kurudi moyoni kupitia vena za shingo, na hivyo kupunguza presha ya ndani ya fuvu. Kwa hiyo kumlaza mgonjwa bapa kunaongeza damu inayoingia, na kumwinua kunarahisisha inayotoka. Lipi lina uzito zaidi, hutegemea aina ya kiharusi na saa iliyofikiwa.

Hatua ya kwanza: nyumbani na njiani

Mdomo ukipinda ghafla, mkono mmoja ukishindwa kuinuka, maneno yakianza kukwama au kuvurugika, tazama saa na uandike wakati ambao mgonjwa alionekana mzima kwa mara ya mwisho. Dawa ya kuyeyusha donge la damu hutolewa ndani ya muda wa saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na daktari hawezi kuitoa bila kujua wakati huo. Mlaze mgonjwa. Usimketishe kwenye kiti kumsubiri mtu wa kumpeleka, wala usimsimamishe ili kuona kama mguu umepata nguvu. Akiwa macho na hatapiki, alale chali au ubavu, kichwa kikiwa katika usawa wa kawaida. Akisinzia, akikoroma kwa namna isiyo ya kawaida au akitapika, alale ubavu, mdomo ukielekea chini kidogo ili matapishi yatoke, na mkono uliolegea usibanwe chini ya mwili.

Usafiri ndio mtihani wa jiji hili. Panapokosekana gari la wagonjwa, taksi au gari la jirani ambalo mgonjwa anaweza kulazwa kwenye kiti cha nyuma ni bora kuliko bajaji, kwa kuwa ndani ya bajaji ataketi wima, kichwa kikiyumba mbele na nyuma kwa kila tuta, shingo ikikunjika na damu ikihangaika kupanda. Kama bajaji ndiyo iliyopo, msiache kuondoka. Mtu mmoja akae naye nyuma, amwegemeze kifuani pake na kushika kichwa kisiangukie upande. Uliza kwa simu kama hospitali mnayoikimbilia ina kipimo cha CT kinachofanya kazi saa hiyo, kwani bila picha ya ubongo hakuna anayeweza kujua kama mshipa umeziba au umepasuka, na foleni ya kuhama kutoka hospitali moja kwenda nyingine inakula saa.

Asipewe chochote mdomoni: maji, chai, aspirini, wala vidonge vyake vya presha. Presha mara nyingi hupanda yenyewe baada ya kiharusi, na katika kiharusi cha kuziba kupanda huko ndiko kunakolifikishia eneo lililodhoofika damu kidogo linayoishi kwayo. Tabia ya zamani ya kumwekea mgonjwa kidonge cha nifedipine chini ya ulimi ili presha ishuke haraka ni ya kuachwa kabisa, kwa sababu presha hushuka kwa kishindo na ubongo hubaki bila msukumo.

Hatua ya pili: uliza aina ya kiharusi, kisha uliza pembe

Mkishafika, iwe ni Amana, Temeke, Mwananyamala, Muhimbili au hospitali binafsi, mtu mmoja katika familia apewe kazi ya kuuliza na kuandika. Watano wakiuliza kila mmoja kwa wakati wake, wauguzi huchoka na majibu hupotea. Picha ikishatoka, swali liwe la wazi na la heshima: “Sista, samahani kwa usumbufu. Daktari amesema kichwa cha mzee kiinuliwe kiasi gani, na kikae hivyo mpaka lini?” Muuguzi akijibu “nyuzi 30 mpaka kesho asubuhi,” andika hivyo hivyo, pamoja na saa na tarehe.

Ikiwa damu imevuja ndani ya ubongo, desturi ya tiba ni kuinua kichwa takriban nyuzi 30, shingo ikiwa imenyooka, pamoja na kushusha presha kwa utaratibu chini ya uangalizi. Kumlaza bapa mgonjwa wa namna hii, eti apumzike vizuri, kunaweza kuipandisha presha ya ndani ya fuvu.

Ikiwa mshipa mkubwa umeziba na mgonjwa yuko katika saa za mwanzo, hoja ya kumlaza bapa ina nguvu. Mwaka 2005 ulichapishwa utafiti uliotumia mawimbi ya sauti kupima mwendo wa damu katika ateri ya kati ya ubongo, na kuona kwamba mwendo huo uliongezeka kwa takriban asilimia 20 kichwa kiliposhushwa kutoka nyuzi 30 hadi sifuri. Wagonjwa walikuwa 20 tu. Baadaye jaribio jingine la Marekani, lililowahusisha wagonjwa 92 waliokuwa wakingojea kutolewa donge kwa mrija, lilisimamishwa kabla ya muda kwa sababu waliolazwa bapa walionekana wazi kuwa afadhali: wachache mno kati yao walizidiwa katika kungojea, wakilinganishwa na walioinuliwa.

Lakini wagonjwa wengi wa kiharusi hawamo katika kundi hilo, na hapa ndipo watu wanapopotoka kwa kusoma nusu ya habari. Jaribio kubwa kuliko yote katika jambo hili, liitwalo HeadPoST, lililoongozwa kutoka Australia na kuchapishwa mwaka 2017, liliwahusisha wagonjwa 11,093 katika hospitali 114 za nchi 9. Wengine walilazwa bapa kwa saa 24 na wengine wakainuliwa angalau nyuzi 30. Baada ya siku 90 hapakuwa na tofauti katika ulemavu kati ya makundi hayo, wala nimonia haikuzidi kwa waliolazwa bapa. Wengi wao walikuwa na kiharusi chepesi, na nusu yao walianza kuwekwa katika mlalo waliopangiwa saa 14 au zaidi baada ya dalili kuanza, wakati eneo linalopiganiwa aghalabu limekwisha kuamua hatima yake. Mimi nayasoma matokeo hayo hivi: kwa mgonjwa wa kawaida aliyefika amechelewa na dalili zake ni za wastani, msigombane na wauguzi juu ya nyuzi chache, lakini kwa aliyefika mapema akiwa na mkono na mguu visivyosogea kabisa, fuateni pembe mliyoambiwa bila kulegea.

Swali la “mpaka lini” lina sababu yake. Kiharusi kikubwa cha kuziba huufanya ubongo uvimbe, na uvimbe huo hufika kileleni kati ya siku ya 2 na ya 5. Mgonjwa aliyelazwa bapa siku ya kwanza anaweza kuagizwa kuinuliwa siku ya tatu. Ndugu aliyeshika zamu ya usiku akishikilia agizo la juzi, kwa uaminifu wake wote, atakuwa anamdhuru mgonjwa wake. Ulizeni upya kila madaktari wanapopita wodini asubuhi.

Msishangae pia mkiona presha inasomeka 190 juu na hakuna anayekimbilia dawa. Kwa kiharusi cha kuziba ambacho hakikupewa dawa ya kuyeyusha donge, madaktari mara nyingi huiacha presha juu katika siku ya mwanzo isipovuka 220 kwa 120. Wanailinda njia ya damu, hawajamsahau mgonjwa wenu.

Hatua ya tatu: ipate pembe yenyewe

Vitanda vingi vya wodini vina mkono wa kuzungusha upande wa miguuni, na havionyeshi nyuzi. Jicho nalo hudanganya: watu wengi hukadiria nyuzi 30 kuwa juu zaidi au chini zaidi ya ilivyo. Njia ya uhakika ni rahisi. Pima urefu kutoka kwenye nyonga ya mgonjwa hadi utosini. Tuseme ni sentimita 80. Kwa nyuzi 30, ncha ya juu ya mteremko iwe nusu ya urefu huo kutoka usawa wa kitanda, yaani sentimita 40. Kwa nyuzi 15 ni karibu robo, sentimita 20. Futi ya fundi cherehani inatosha kwa kazi hii, na simu nyingi zina programu ya kupimia mwinamo ambayo unailaza juu ya ubao wa kitanda ikakusomea nyuzi.

Mwinuko uanzie nyongani. Kosa linaloonekana zaidi katika wodi na majumbani ni kurundika mito chini ya kichwa peke yake, kidevu kikagusa kifua, vena za shingo zikabanwa na njia ya hewa ikakunjika. Mgonjwa anaonekana ameinuliwa, na kumbe ubongo wake unanyimwa upande wa kuingia na upande wa kutoka kwa pamoja. Nyumbani, ambapo kitanda hakina mkono wa kuzungusha, ingiza mablanketi yaliyokunjwa au godoro dogo la sponji chini ya godoro kubwa kuanzia usawa wa kiuno, ukiongeza unene kadiri unavyoelekea kichwani, halafu weka mto mmoja mwembamba juu. Chini ya magoti weka khanga iliyoviringishwa, ili asiteleze kuelekea miguuni. Akiteleza, kiuno kinabaki chini na kifua kinakunjika, na pembe mliyoitafuta kwa futi imepotea; mvuteni juu watu wawili kwa shuka lililo chini yake, wala msimvute kwa makwapa, maana bega la mkono uliopooza hutoka mahali pake kwa urahisi mno.

Hatua ya nne: shingo, ubavu na pumzi

Pua, kidevu na kitovu viwe katika mstari mmoja. Kichwa kilichogeukia upande kwa muda mrefu hubana vena ya upande huo. Legeza kila kinachokaza shingoni: kola, kamba ya barakoa ya oksijeni, ushungi uliofungwa kwa nguvu. Akikohoa sana au akijikamua kwa kufunga choo, presha ya ndani ya fuvu hupanda, kwa hiyo tatizo la choo litajwe kwa muuguzi mapema.

Mgonjwa asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa 2 ili asipate vidonda vya kulalia, pembe ya kichwa ikibaki ile ile iliyoagizwa. Akilala kwa ubavu wenye afya, mkono uliolegea utangulie mbele juu ya mto. Akilala kwa ubavu uliopooza, bega lake livutwe mbele taratibu ili mwili usilikandamize. Zaidi ya nusu ya wagonjwa wa kiharusi hukatika pumzi usingizini, na hali hiyo huzidi wakilala chali. Ukisikia mkoromo unakatika kwa sekunde kadhaa na kurudi kwa mshtuko, mlaze ubavu kama agizo linaruhusu, na umwambie daktari asubuhi. Damu iliyofika kwenye ubongo bila oksijeni ya kutosha haisaidii. Ndiyo sababu mwenye moyo ulioshindwa au mapafu mabovu huinuliwa hata pale ambapo kiharusi chake kingependelea mlalo wa bapa.

Hatua ya tano: chakula kina pembe yake

Hakuna kinachoingia mdomoni mpaka umezaji wake upimwe. Naomba hili lichukuliwe kwa uzito, kwa sababu nimeona mapenzi ya ndugu yakipita mbele ya muuguzi: chupa ya chai inafunguliwa saa ya kutazama wagonjwa, na kijiko cha kwanza kinaingia mapafuni. Akiruhusiwa kula, aketishwe wima kadiri anavyoweza, karibu nyuzi 90, kidevu kikiinama kidogo, na abaki ameinuka kwa nusu saa baada ya kumaliza. Kama bado yuko katika saa ambazo ameagizwa kulala bapa, uliza nini kifanyike kabla ya kumwinua kwa ajili ya kula.

Kinachopita kwa shida zaidi ni kitu chepesi kama maji na chai. Uji mzito na mtori uliopondwa vizuri humezwa kwa usalama zaidi. Mkate uliochovywa kwenye chai, ambao wengi huuona kuwa laini, una hatari ya pekee, kwa kuwa mgonjwa anatakiwa kutafuna na kumeza kimiminika kwa wakati mmoja. Anayelishwa kwa mpira wa puani naye awe ameinuliwa angalau nyuzi 30 wakati wa kulishwa na kwa muda baada yake.

Hatua ya sita: kuketi na kusimama kwa mara ya kwanza

Hamu ya familia ni kumwona mzee ameketi. Jaribio liitwalo AVERT, lililochapishwa mwaka 2015 na kuwahusisha wagonjwa 2,104, lilionyesha kwamba kuwatoa wagonjwa kitandani mapema mno, ndani ya saa 24, kwa mazoezi mengi na ya mara kwa mara, kulipunguza uwezekano wa kupona vizuri kuliko uangalizi wa kawaida. Uchambuzi uliofuata uliona kwamba vipindi vifupi vinavyorudiwa ni afadhali kuliko kipindi kimoja kirefu. Hivyo msubirini mtaalamu wa viungo, na msimwinue mgonjwa kwa siri wakati wodi imetulia.

Ruhusa ikitolewa, nendeni kwa ngazi. Inueni kichwa cha kitanda hadi nyuzi 30, msubiri dakika chache. Kisha 60, msubiri tena. Kisha miguu ishushwe chini ya kitanda, nyayo zikigusa sakafu, mtu mmoja akiwa mbele yake na mwingine upande uliopooza. Presha ipimwe akiwa amelala kwa dakika 5, kisha ipimwe tena dakika ya 1 na ya 3 baada ya kuketi au kusimama, kwa mkono wenye afya ulioegemezwa katika usawa wa moyo. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, mrudisheni alale na mtoe taarifa. Mtu anaposimama, takriban nusu lita ya damu au zaidi hushuka kuelekea tumboni na miguuni, na mwili uliokaa kitandani kwa siku nyingi huchelewa kuirudisha.

Lakini kipimo muhimu zaidi hakimo katika mashine. Mpe mgonjwa kazi mbili ndogo kabla hajainuliwa na umpe zile zile baada ya kuinuliwa: ataje majina ya watoto wake, na ainue mkono dhaifu kadiri awezavyo. Ikiwa amelala aliwataja wote, na alipoketi ulimi ukawa mzito, au mkono uliokuwa unapanda hadi kifuani sasa hautoki mapajani, mlazeni bapa mara moja na mmwite muuguzi. Dalili zinazozidi kwa kuketi na kupungua kwa kulala zinaashiria kwamba damu inapita kwenye mshipa uliosinyaa na inategemea presha peke yake. Daktari hawezi kuliona hilo kama anampitia mgonjwa akiwa amelala. Semeni kwa usahihi: “Saa 3 asubuhi alipoketi, mkono wa kulia ulilegea zaidi na maneno yakakwama, tulipomlaza, baada ya dakika kama 10 vilirudi.” Sentensi hiyo moja inaweza kubadilisha mpango mzima wa matibabu.

Hatua ya saba: baada ya kuruhusiwa

Nyumbani hatari huhamia kwenye mambo ya kila siku. Choo cha kuchuchumaa kinataka tahadhari ya kwanza: mtu akiinuka ghafla kutoka kuchuchumaa presha hushuka sana, na sakafu huwa imelowa. Kiti chenye tundu kinachowekwa juu ya choo, ambacho fundi seremala yeyote wa mtaani anaweza kukitengeneza, pamoja na bomba la kushikilia lililofungwa ukutani upande wa mkono wenye afya, vitazuia mianguko mingi. Maji ya kuoga yasiwe ya moto sana, kwa sababu joto hutanua mishipa ya ngozi, na aoge ameketi.

Kwa mgonjwa Mwislamu, kutoka sijida kwenda kusimama ni mabadiliko makubwa kabisa ya mkao kwa siku nzima, kichwa kikitoka chini ya moyo na kupanda juu yake kwa ghafla. Dini imemruhusu mgonjwa asiyeweza kusimama aswali ameketi, na asiyeweza kuketi aswali amelala ubavu, akiashiria rukuu na sijida. Katika nyumba nyingi mzee husita kuitumia ruhusa hiyo mpaka aambiwe na mtu anayemheshimu. Imamu wa msikiti wake akiombwa amtembelee na kumwambia, mzee anakubali bila mabishano. Kuhusu funga, aanze kwa kuzungumza na daktari, maana mwili uliopungukiwa maji hushindwa kuishikilia presha mtu anaposimama. Katika joto la Desemba hadi Februari hali ni hiyo hiyo hata kwa asiyefunga: jasho humaliza maji mwilini, kwa hiyo anywe kwa ratiba, katika uzito ambao wataalamu wameuruhusu kooni mwake, bila kungoja kiu. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo apewe kipimo cha maji na daktari.

Asubuhi kabla ya kushuka kitandani acheze vidole na vifundo vya miguu, aketi ukingoni kwa dakika kadhaa, ndipo asimame akiwa ameshikwa. Ukiona kizunguzungu kinamjia saa moja au mbili baada ya vidonge vya presha, usivikate wala kuvigawa nusu kwa uamuzi wako. Katika daftari la kliniki, kwa wiki moja kabla ya siku ya kurudi, andika presha ya kulala na presha ya dakika ya 3 baada ya kusimama, kila asubuhi na jioni, pamoja na saa aliyomeza dawa, kisha mwonyeshe daktari ukurasa huo kabla hajaandika dawa za mwezi unaofuata.